Ngao ya chuma: inakinga mguu au inakinga pikipiki?

Ukisimama jioni kando ya Kilburn High Road, kaskazini magharibi mwa London, utaziona pikipiki ndogo zikipita moja baada ya nyingine, zikipeleka chakula majumbani. Barabara yenyewe ni ya kale. Inafuata njia ya Watling Street iliyotengenezwa na Warumi. Waendeshaji wengi wamejifunika magoti kwa turubai zito la kuzuia mvua na baridi, lakini vyuma vya kukinga miguu huvioni mara nyingi. Msikilizaji wa Kampala, Kisumu au Dar es Salaam atashangaa, kwani huko fundi wa kuchomelea ni mtu wa karibu sana na mwenye bodaboda.

Si kwamba Waingereza hawakuwahi kuvijua vyuma hivyo. Katika miaka ya 1960 vijana waliopenda skuta za Vespa na Lambretta walizipamba kwa mabomba yanayong'aa, vioo na taa za ziada. Mahasimu wao, wapanda pikipiki kubwa, walikutana Ace Cafe, mkahawa uliofunguliwa mwaka 1938 si mbali na Kilburn. Hao walifanya kinyume: walipunguza kila kilichoongeza uzito, kwani walichokitafuta ni mwendo.

Vespa yenyewe ilizaliwa na ngao. Mhandisi wa ndege, Corradino D'Ascanio, aliisanifu nchini Italia, ikaingia sokoni mwaka 1946. Bati lake pana la mbele ni sehemu ya bodi, nalo lilikusudiwa kumkinga mpandaji na matope na upepo. Wakazi wa Zanzibar, ambako Vespa zilienea sana, hawahitaji kuelezwa faida yake siku ya mvua. Lakini kukinga nguo na kukinga mfupa ni mambo mawili tofauti.

Kutoka mpakani hadi mijini

Bodaboda ilianza na baiskeli katika miaka ya 1960, ikivusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye, tena kwa kishindo. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki ndogo mwaka 2008. Tanzania ilitoa kanuni za leseni za usafiri wa pikipiki na bajaji mwaka 2010.

Nyingi ya pikipiki hizo zilitoka India na China. Zile za India zilikuja na ngao moja ambayo wengi wetu hatuulizi asili yake: kizuizi cha pembeni mwa gurudumu la nyuma. Sheria za magari za India za mwaka 1989 ziliagiza kiwepo ili nguo ya abiria isinaswe na gurudumu. Waliofikiriwa ni wanawake wavaao sari. Waliofaidika Afrika Mashariki ni wenye kanga na mabuibui.

Ngao ya mbele ndiyo kazi ya mafundi wetu. Gerezani mjini Dar es Salaam, Katwe mjini Kampala, Kamukunji na Gikomba mjini Nairobi, watu walikuwa wakigeuza vyuma kuwa majiko, masanduku na matoroli muda mrefu kabla ya bodaboda. Bomba la chuma halikuwa kitu kigeni mikononi mwao.

Ugumu upo katika kulikunja. Bomba tupu likikunjwa hubonyea. Asiye na mashine ya kukunjia hulijaza mchanga, akaziba ncha zote mbili, akapasha moto mahali pa kona, kisha akalivuta polepole. Mchanga sharti uwe mkavu kabisa, kwani unyevu hugeuka mvuke na kizibo kinaweza kuruka kama risasi. Fundi mwangalifu hachomelei ngao moja kwa moja kwenye fremu ya pikipiki, kwa kuwa moto huweza kuudhoofisha mwili wa chuma unaobeba kila kitu. Huifunga kwa vibano na bolti, ili ikipinda ibadilishwe yenyewe.

Mzozo wa Uingereza

Je, ngao hiyo humwokoa mtu? Swali hili lilizua mzozo mkubwa Uingereza katika miaka ya 1980. Watafiti wa maabara ya serikali ya barabara huko Crowthorne waligongesha pikipiki zenye vikinga miguu, wakasema vinapunguza majeraha. Viwanda vya pikipiki vikafanya majaribio yake na kujibu kwamba mguu ukiokolewa, kichwa kinaweza kuponzwa, kwa kuwa mpandaji hurushwa kwa namna nyingine. Vyama vya wapanda pikipiki navyo vikapinga. Mwishowe sheria haikutungwa.

Jambo moja lililojitokeza huko linatuhusu moja kwa moja. Kikinga cha watafiti kilikuwa kipana na kilitengenezwa ili kibonyee na kumeza nguvu ya pigo. Bomba gumu la Gerezani halikusanifiwa hivyo. Pikipiki ikianguka ubavu kwa mwendo mdogo, bomba huiinua isiulalie mguu, na hilo si dogo. Likigongwa na gari, laweza kupinda kuelekea kwenye goti.

Hata hivyo, dereva ana hesabu nyingine. Wengi wanaendesha pikipiki ya mtu na kila jioni wanapeleka fedha kwa tajiri. Injini ikipasuka au tangi likibonyea, ni siku za kazi zilizopotea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo sababu kubwa ya ngao kuenea: ilinunuliwa kwanza kuilinda pikipiki, na mguu ukapata hifadhi kwa jirani. Wodi za mifupa za hospitali zetu kubwa, ambazo hupokea wengi waliovunjika miguu katika ajali za bodaboda, zinaonyesha mipaka ya hifadhi hiyo.

Sasa mafundi wana kazi mpya. Pikipiki za umeme zimekwisha kuingia Kigali na Nairobi, na baadhi yake hubeba betri pale palipokuwa injini, nayo hutolewa na kubadilishwa kituoni. Ngao iliyofungwa kwa mtindo wa zamani huweza kuziba njia ya betri hiyo, kwa hiyo vibano vinahitaji kutafutiwa mahali pengine kwenye fremu.