Pazia Jeupe Kwenye Njia ya Misafara: Matamasha ya Filamu, Haki za Binadamu na Lugha ya Kiswahili



Mazungumzo kuhusu matamasha ya filamu huanzia mjini, mahali penye kumbi, waamuzi na tuzo. Mimi naomba nianzie Bukene. Bukene ni mji mdogo wa Wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora, katika reli ya Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Sikuuchagua kwa sababu una tamasha mashuhuri. Nimeuchagua uwe kipimo. Filamu inayodai kutetea haki za watu wa nchi hii lazima iulizwe kama inaweza kusimama mbele ya watu wa Bukene, ikasemeka, ikasikika na ikajibiwa.

Hoja yangu ni moja. Historia ya sinema katika nchi yetu inaonyesha kwamba kinachoamua kama picha itamsaidia mtu kudai haki yake si picha peke yake, bali ni maneno yanayosemwa kando ya picha hiyo: ni nani anayeyasema, anayasema kwa lugha gani, na kama mtazamaji anayo nafasi ya kujibu. Kwa hiyo suala hili ni la wanafunzi wa Kiswahili sawasawa na lilivyo la wanasheria na watengenezaji wa filamu.

Tuanze na njia yenyewe. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo na bandari nyingine za mrima, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe, na hapo ikagawanyika: wengine walielekea Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa ujira, nao ndio waliokuwa miongoni mwa waenezaji wakubwa wa Kiswahili bara, kabla ya shule ya Mjerumani kufunguliwa. Lakini njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Lugha iliyotumika kumpangia mpagazi mshahara wake ndiyo iliyotumika pia kumpangia bei mtu aliyenyimwa utu wake. Tunapolichukua neno "haki" katika Kiswahili leo, tukumbuke kwamba limekwisha kusafiri katika njia hii, likiwa na uzito tofauti kwa kila aliyelitamka.

Neno hilo lina sifa nyingine inayostahili kuangaliwa. Kwa Kiswahili, "haki" ni stahili ya mtu, ni uadilifu wa hakimu, na tena ni ukweli wa jambo. Anayesema "nataka haki yangu" anaweza kuwa anadai fedha, hukumu au heshima. Taarifa ya Ulimwengu juu ya Haki za Binadamu ilipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948. Hati ya haki iliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na wananchi wakaweza kuitumia mahakamani kuanzia mwaka 1988. Basi msamiati wa kisheria ni mchanga, ilhali neno ni kongwe. Filamu inapoingia kijijini hukutana kwanza na neno kongwe.

Sasa tuitazame sinema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri karibu na Korogwe, kulifanyika jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, lililojulikana kwa kifupi cha BEKE. Likisimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, jaribio hilo lilitoa filamu 35 kuhusu kilimo, afya, akiba na mengineyo. Filamu zilipakiwa katika lori pamoja na mitambo yake, zikazungushwa katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Maelezo yalitolewa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za watazamaji. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni, na gari la sinema likawa chombo cha kawaida cha utawala.

Wasimamizi wa jaribio la Vugiri walitambua jambo la msingi, kwamba picha bila maneno ya mtazamaji ni kivuli tu. Lakini maneno hayo yalikwenda upande mmoja. Mtazamaji aliambiwa achimbe choo, aweke akiba, apeleke mtoto hospitali. Hakuulizwa kodi ilimfikaje, wala kazi ya lazima ilimwacha na siku ngapi za kulima shamba lake. Sauti ilikuwa ya Kiswahili, ila haki ya kusema haikuwa ya Mswahili wala ya Mnyamwezi.

Baada ya uhuru mitambo ilibadili mwenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1974 ikafuata Taasisi ya Picha na Sauti iliyosaidiwa na Denmark. Filamu kama Fimbo ya Mnyonge ya miaka ya 1970 ilikieleza kijiji cha ujamaa kwa Kiswahili chepesi, na mkulima alimwona mkulima mwenzake akiwa mhusika mkuu. Hilo lilikuwa badiliko kubwa, wala tusilidharau. Hata hivyo, hiyo ndiyo miaka ya Operesheni Vijiji, ambapo mamilioni ya watu walihamishwa, wengi wao kwa nguvu. Pazia lililosifu kijiji kipya halikuwa mahali pa kuulizia nyumba iliyobomolewa. Gari la sinema liliendelea kusema, na kijiji kiliendelea kusikiliza.

Tamasha la filamu, kwa maana tunayoijua leo, lilikuja na dai jingine. Tamasha la shirika la Human Rights Watch lilianza New York mwaka 1988. Tamasha la One World la Prague lilianza mwaka 1999. Wazo lake ni kwamba filamu ni ushahidi, na baada ya ushahidi lazima pawe na mjadala. Kwetu, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, maarufu kwa jina la Tamasha la Nchi za Majahazi, liliasisiwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Ingawa si tamasha la haki za binadamu pekee, masuala hayo yamepewa nafasi kubwa katika filamu na mijadala yake. Lilipiga hatua ambayo mtu wa Bukene angeitambua: halikubaki Ngome Kongwe, bali lilipeleka filamu katika vijiji vya Unguja na Pemba. Aidha, huko Goma, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya nyumbani, taasisi ya Yole!Africa ilianzisha Tamasha la Salaam Kivu katikati ya miaka ya 2000, na vijana waliozoea kupigwa picha na wageni wakaanza kushika kamera wenyewe.

Naomba kusema neno kuhusu jina la tamasha la Zanzibar. Nchi za majahazi hutazama bahari. Lakini jahazi halikujaa pwani. Lilijazwa na msafara. Bukene, isiyo na bahari, ni nchi ya majahazi kwa sababu mzigo na mateso yaliyoshuka bandarini yalianzia njia za bara. Filamu zinazozungumzia utumwa katika ngome ya Unguja zinayo deni la kurudi juu kwa njia ile ile.

Tuchukue mifano miwili ya filamu zilizopigwa katika ukanda wa Ziwa. Ya kwanza ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004. Ilipigwa Mwanza, ikahusisha biashara ya sangara na umaskini, pamoja na silaha zilizodaiwa kuletwa na ndege za mizigo. Ilizunguka katika matamasha ya Ulaya na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na neno "mapanki", yaani mifupa ya samaki inayobaki baada ya minofu kuondolewa, likazagaa magazetini. Upande mmoja ulitetea uhuru wa msanii, upande wa pili ukatetea heshima ya taifa. Katika mabishano yote hayo, mama aliyekausha mapanki alikuwa mada ya kila upande. Alitajwa sana, lakini hakuwa mwenye kauli.

Ya pili ni In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, iliyotoka mwaka 2012. Inahusu watu wenye ualbino katika miaka ya mauaji yaliyoenea katika mikoa ya Ziwa na magharibi, Tabora ikiwa miongoni mwake. Kufikia mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja zaidi ya vifo 70 nchini tangu mwaka 2000. Mhusika wake mmoja, mwanaharakati Josephat Torner, anakwenda kijiji kwa kijiji, anasimama mbele ya watu na kuzungumza nao kwa Kiswahili. Hapo filamu ina jambo ambalo ile ya kwanza haina: ndani yake mna mkutano. Mtu aliyeitwa mzimu anauliza swali, na wanakijiji wanalazimika kumjibu akiwa mbele yao.

Lugha nayo ilishiriki katika mapambano hayo. Neno "zeruzeru" lilitumika kwa muda mrefu, na wingi wake, "mazeruzeru", ulimweka binadamu katika ngeli ya vitu na viumbe vya ajabu. Kusema "watu wenye ualbino" ni kumrudisha katika ngeli ya mtu na watu. Hili si pambo la adabu. Anayeuawa kwa sababu ya viungo vyake amekwisha kufanywa kitu kabla ya panga kuinuliwa, na sarufi huweza kuwa shahidi wa hatua ile ya kwanza.

Hali kadhalika kwa wanawake wazee walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowaka kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa ni mchawi. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na tuhuma hutolewa kwa Kinyamwezi au Kisukuma, usiku. Miaka ya mwanzo ya 1980 wanakijiji wa Kahama, Nzega na Shinyanga waliunda sungusungu ili wajilinde na wizi wa ng'ombe. Walipiga mwano, watu wakakusanyika. Ulinzi ule uliwaokoa wengi, na pia uliwaadhibu watu bila mahakama, wakiwemo waliotuhumiwa uchawi. Filamu juu ya mambo haya ikionyeshwa Bukene, anayetazama anaweza kuwa mjukuu wa aliyeuawa, na aliyekaa jirani yake anaweza kuwa mtoto wa aliyepiga mwano. Prague au New York hakuna hatari ya namna hiyo. Ndiyo maana tamasha la mjini haliwezi kuchukuliwa jinsi lilivyo na kushushwa kituoni Bukene kama gunia.

Nani basi asimame kando ya pazia? Utamaduni wetu unalo jibu la karibu kuliko tunavyodhani. Katika vibanda vya video walitokea wafasiri wa filamu za kigeni, maarufu zaidi akiwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Hawakutafsiri neno kwa neno. Walieleza, walitania, walimkaripia mhusika, wakamleta mgeni wa Hong Kong au wa Marekani katika mitaa yetu. Wasomi wengi waliwaona kuwa ni waharibifu wa filamu. Mimi nawaona kuwa ni warithi wa msimulizi wa hadithi, ambaye hakuweza kuendelea bila mwitikio wa wasikilizaji. Maandishi yanayopita chini ya picha humwacha nje asiyesoma, tena humnyamazisha anayesoma. Msimulizi humfanya mtazamaji aitikie.

Pana pingamizi ambalo sitaki kulikwepa. Msimulizi anaweza kupotosha. Anaweza kuingiza mzaha mahali pa msiba, au akamtaja kwa fumbo mtu anayeishi pale pale. Aidha, filamu kuhusu ushirikina inaweza kumfundisha asiyejua kwamba viungo vya mtu vina bei. Hatari hizi ni za kweli, na zinaidai kazi yetu. Msimulizi anahitaji kufunzwa istilahi za haki. Filamu inahitaji kutazamwa kwanza na wazee, wanawake na wale inaowahusu kabla ya kuwekwa hadharani. Na mjadala unahitaji kupewa muda sawa na wa filamu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, huku yupo mtu anayejua mlalamikaji aende wapi kesho yake asubuhi. Bila huyo wa mwisho, tutakuwa tumeamsha kidonda na kuondoka na dawa.

Kwa wanafunzi waliopo hapa, kazi iko wazi. Kusanyeni kumbukumbu za waliotazama gari la sinema wakati wangali hai. Chunguzeni jinsi maneno "haki", "utu" na "stahili" yanavyotumika katika mabaraza ya vijiji vya njia ya misafara. Rekodini usimulizi wa vibanda vya video kama mnavyorekodi ngano, maana nao ni fasihi simulizi.

Waliopita Unyamwezi wakiwa wamefungwa walitajwa katika hesabu za wafanyabiashara na katika vitabu vya wasafiri, lakini maneno yao wenyewe ni machache mno yaliyotufikia. Pazia jeupe likitundikwa leo katika njia ile, likaacha watu wa Bukene wakitajwa tu bila kusema, litakuwa limeongeza ukurasa katika hesabu zile zile. Likiwapa nafasi ya kujibu, hata kama jibu lao litatuudhi sisi tulioleta filamu, hapo ndipo litakapostahili kuitwa tamasha la haki.