Kemia ya madini na asili ya majimaji yaliyounda mbale

Mbale nyingi za dhahabu, shaba, zinki na risasi ziliundwa na majimaji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za miamba, yakiyeyusha metali mahali pamoja na kuziacha mahali pengine. Majimaji hayo yametoweka zamani. Yaliyobaki ni madini yaliyokua ndani yake: kwatzi, kalisiti, pairiti, tumalini na mengineyo. Kwa kupima kemia ya madini hayo, wanajiolojia hutafuta yalikotoka majimaji: kwenye magma iliyokuwa ikipoa, baharini, kwenye mvua iliyopenya ardhini, au kwenye miamba iliyofukiwa na kupashwa joto hadi ikatoa maji yake. Swali hilo kwa kweli ni maswali manne, kwa kuwa maji, chumvi, salfa na metali zilizokuwa katika majimaji yaleyale huweza kuwa na asili tofauti kabisa. Mabishano mengi juu ya mashapo ya madini huanzia pale jibu la swali moja linapochukuliwa kuwa jibu la yote.

Ushahidi ulio karibu zaidi na majimaji yenyewe ni matone yaliyonaswa ndani ya fuwele ilipokuwa ikikua. Mwaka 1858 Henry Clifton Sorby, Mwingereza wa Sheffield, alieleza kwamba kiputo kinachoonekana ndani ya kifuko cha namna hiyo kilitokea majimaji yalipopoa na kusinyaa. Kipande chembamba cha fuwele kikipashwa joto chini ya hadubini hadi kiputo kipotee, hupatikana kiwango cha chini cha joto lililokuwapo wakati wa kunaswa. Kiasi cha chumvi hupimwa kwa kugandisha: chumvi ikizidi, barafu huyeyuka kwenye joto la chini zaidi.

Katika Ukanda wa Shaba wa Katanga, vifuko vya mashapo ya Kamoto na Luiswishi vimeonyesha awamu mbili. Majimaji ya awamu ya kwanza yalikuwa na joto la takriban nyuzi 115 hadi 220 za Selsiasi, na chumvi kiasi cha asilimia 11 hadi 21 ya uzito. Ya pili yalifika nyuzi 270 hadi 385, na chumvi yake asilimia 35 hadi 46. Maji ya bahari ya leo yana asilimia 3.5 tu. Chumvi ya awamu ya pili ilikuwa nyingi kiasi kwamba majimaji yalipopoa haikuweza kubaki imeyeyuka yote: ndani ya kifuko kisichoonekana kwa macho, kando ya kiputo, huonekana mchemraba mdogo wa chumvi, ambao huyeyuka ukipashwa joto.

Chumvi hiyo ilitoka wapi? Hapo hupimwa uwiano wa bromini na klorini. Maji ya bahari yakikaushwa na jua, uwiano haubadiliki hadi chumvi inapoanza kuganda. Kuanzia hapo klorini huingia katika fuwele za chumvi, na sehemu kubwa ya bromini hubaki majini. Kwa hiyo maji yanayosalia huwa na bromini nyingi, ilhali maji yaliyoyeyusha tabaka la chumvi la kale huwa nayo kidogo. Huko Kipushi, kwenye mgodi wa zinki na shaba ulio karibu na Lubumbashi, vipimo vya vifuko vimeelekeza kwenye maji ya bahari yaliyokauka.

Kwa asili ya maji yenyewe hutumika isotopi za oksijeni na hidrojeni, zinazoandikwa kama tofauti ya sehemu kwa elfu kutoka kwenye maji ya bahari, ambayo hupewa sifuri. Mwaka 1961 Harmon Craig alionyesha kwamba isotopi za maji ya mvua duniani hufuata mstari mmoja, hivyo mvua hutambulika kwa urahisi kiasi. Ugumu uko kwingine. Maji ya magma huwa kati ya takriban +5.5 na +9 kwa oksijeni, na masafa hayo yote yamo ndani ya yale ya maji yaliyotoka katika miamba iliyogeuzwa kwa joto na kani. Zaidi ya hayo, kinachopimwa kwa kawaida ni kwatzi, na maji hukokotolewa kwa kukisia joto. Kwatzi yenye +13 iliyokua katika nyuzi 300 hutoa maji ya karibu +6. Ikiwa ni nyuzi 250, maji huwa +4, na ikiwa ni 350, karibu +7.7. Kosa la nyuzi 50 latosha kuyatoa maji nje ya masafa ya magma. Ndiyo sababu oksijeni peke yake haijamaliza ubishi juu ya asili ya majimaji yaliyoleta dhahabu katika miamba ya kale sana, kama ile ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania.

Salfa nayo ina mtego wake. Salfa ya koti ya Dunia huwa karibu na sifuri, kipimo ambacho asili yake ni kimondo cha Canyon Diablo cha Arizona; sulfati ya bahari ya leo ni takriban +21, na bakteria wanaovunja sulfati huweza kuacha sulfidi zenye thamani hasi. Lakini mwaka 1972 Hiroshi Ohmoto alibainisha kwamba majimaji yenye salfa ya asili moja yanaweza kutoa pairiti zenye thamani tofauti, kutegemea asidi na kiasi cha oksijeni. Sifuri, basi, si hati ya kuzaliwa ya magma. Boroni ya tumalini huwapa watafiti mwanga wa ziada: ya bahari iko karibu +40, ila ya granite na ya chumvi zilizokauka katika maziwa ya bara zote mara nyingi huwa chini ya sifuri.

Metali hufuatwa ndani ya punje. Pairiti moja huweza kuwa na kiini chenye kobalti na nikeli, mkanda wenye aseniki na dhahabu isiyoonekana, kisha ukingo uliokua baadaye katika nyufa. Miale ya leza yenye upana wa makumi machache ya mikromita huchimba kila mkanda na kutoa vipimo vyake. Zamani punje zilisagwa pamoja, na wastani uliopatikana haukuwa wa majimaji yoyote yaliyowahi kupita. Kwa hiyo katika kazi makini picha za hadubini hutangulia, mpangilio wa mikanda ukabainishwa, ndipo leza iwashwe.