Haki ya Kutukana, Wajibu wa Kuzika

Viongozi wetu wakipanda jukwaani hupenda kusema Watanzania ni watu wa amani kwa asili, na mfano wa kwanza unaowajia mdomoni ni utani wa makabila. Tazameni, husema, Mngoni na Mhehe wanavyoporomosheana maneno na hakuna anayenuna. Mimi babu yangu mzaa baba alikuwa Mngoni wa Songea, bibi yangu Mhehe wa Iringa. Nimelelewa katikati ya maneno hayo, na hiyo amani ya asili sijawahi kukutana nayo. Wangoni na Wahehe waliuana kwanza. Kutaniana kulikuja baada ya kuzika.

Wazee wetu wa Kingoni walitoka kusini kabisa, wakivikimbia vita vya Shaka. Mwaka 1835 walivuka mto Zambezi, na wanahistoria waliweza kuipata hata tarehe yenyewe kwa kuwa siku hiyo jua lilipatwa. Kiongozi wao, Zwangendaba, akafia Ufipa miaka ya 1840, msafara ukasambaratika. Waliofika nyanda za Songea walisimamisha falme mbili, Njelu na Mshope, wakawa wanaishi kwa kuvamia majirani: ng'ombe, nafaka, wanawake, vijana wa kuongeza jeshi. Kaskazini kulikuwa na Wahehe wa Munyigumba, na baada yake mwanawe Mkwawa, ambao nao hawakuwa watu wa kuvamiwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 walipigana mpaka ikaonekana hakuna atakayemmaliza mwenzake. Wakaachana, kila mmoja na maiti wake.

Kisha akaja Mjerumani. Mkwawa alimpiga kule Lugalo mwaka 1891, akawindwa miaka mingi, na mwaka 1898 akajiua ili asikamatwe hai. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Wangoni zamu yao ilikuwa vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa wazee na majemadari wetu mjini Songea. Jemadari Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake unaamini alizikwa bila kichwa. Katika vita hivyo Wahehe wengi walikuwa upande wa Mjerumani.

Nimeyaeleza haya kama yanavyoelezwa vitabuni, lakini mimi sikuyasoma kitabuni. Niliyasikia jikoni kwa bibi, yakiwa matusi.

Babu alikuwa utingo wa lori katika njia ya Songea, Njombe hadi Iringa, na huko ndiko alikompata bibi. Jioni bibi akisonga ugali, babu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango na kuanza. Angeuliza, nyama hii umeitoa wapi, mbona mbwa wa jirani simsikii leo? (Wahehe wote wa Tanzania wanasingiziwa kula mbwa, na wamekwishazoea.) Bibi hakugeuka. Alisema, kula tu, mwizi wa ng'ombe, hii angalau imenunuliwa. Babu akipandisha: nyie mlimbebea Mjerumani mizigo aje kutunyonga. Bibi naye: nani aliwatuma kunywa maji mkidhani risasi itageuka mvua? Sisi watoto tulicheka mpaka tukapaliwa. Majimaji nzima tuliijua kabla ya kuanza shule, na tuliijua kwa pande zote mbili, jambo ambalo shule yenyewe haikufanya.

Jioni moja walifika mahali ambapo sijapasahau. Babu alimwambia bibi kwamba mfalme wao alitembezwa Ulaya kichwa kitupu. Bibi akaweka mwiko chini. Akasema, chetu kimerudi. Kweli kilikuwa kimerudi: mwaka 1954 Gavana Twining alilileta fuvu la Mkwawa Kalenga, na bibi alikuwa mmoja wa waliojua kusimulia shamrashamra zake. Akaongeza kwa sauti ya chini kabisa: chenu kiko wapi, mume wangu?

Babu alinyamaza. Akachukua tonge, akalichovya, akala. Halafu akasema, kikirudi, mtakuja kulilia nyie, maana ninyi ndio mnaojua kulia. Bibi akacheka, akamwongezea mchuzi.

Ndipo nilipo mpaka leo ninapofikiria utani. Wale wawili hawakuwa wamesahau chochote. Kila kichwa kilichokatwa na kila ng'ombe aliyeibwa alikuwa ameandikwa kwenye daftari, na daftari lilifunguliwa kila jioni mbele ya watoto. Kilichokuwa kimekatazwa ni kunyanyuka kwa hasira.

Si makabila yote yaliyopata utani kwa vita. Wanyamwezi na Wazaramo hawakupigana, walikutana njiani. Misafara ya karne ya 19 kati ya Tabora na Bagamoyo ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na frasila mbili hivi begani, pembe wakati wa kushuka, vitambaa na shanga wakati wa kupanda. Mpagazi akiugua njiani, hana shangazi wala mjomba wa kumtazama. Akifa, nani atamwosha? Ilibidi wawepo watu njiani wenye haki ya kumcheka na wajibu wa kumfukia, na waliokubali kazi hiyo wakawa watani. Mwingereza R. E. Moreau, aliyeandika kuhusu utani mwaka 1941, alikuwa mtaalamu wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Hilo hunifurahisha. Labda mtu aliyezoea kukaa kimya kusikiliza ndege ndiye wa kusikia watu wakitukanana na kujua kwamba hapo kuna kanuni.

Kanuni yenyewe niliiona kwa macho baba yangu alipofariki. Baba alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika cha tumbaku, NGOMAT, cha Wangoni na Wamatengo, kilichoanzishwa mwaka 1936. Maisha yake yote yalikuwa kupima mitumba ya tumbaku ya moshi na kubishana na wakulima kuhusu daraja. Asubuhi ya mazishi, waombolezaji wakiwa wamejaa uani, nikasikia vicheko langoni. Mtani wetu, mzee wa Kihehe fundi baiskeli, alikuwa ameketi juu ya debe. Amevaa koti la baba. Miwani ya baba imeshuka hadi ncha ya pua, kalamu imechomekwa sikioni. Kila aliyeingia alimsimamisha, akamzungusha, akamnusa bega, kisha akatangaza kwa sauti ya baba hasa, pamoja na kile kikohozi chake: "Huyu ameloa. Daraja la nne. Rudi nyumbani ukakauke." Mama, ambaye tangu usiku alikuwa hajatamka neno, alipimwa naye. Akapewa daraja la kwanza. Alicheka na kulia kwa pamoja, na baada ya hapo aliweza kunywa uji.

Makaburini akafanya yake. Jeneza lilipofika aliruka shimoni akalala chali, akasema nafasi imeshajaa, anayetaka kuzika alipe. Baba zangu wadogo walibishana naye bei kama wako sokoni. Alitoka baada ya kupewa jogoo na hela kidogo, akiwa na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, na ni yeye aliyerudi chini kulipokea jeneza na kuliweka sawa. Wakati tumelala alikuwa miongoni mwa waliochimba shimo lile. Jioni aliufagia uwanja. Koti la baba aliondoka nalo, na hakuna aliyemdai.

Ndiyo maana nikisikia vijana wakiuita utani kila kejeli wanayorushiana kwenye simu, huwa nauliza swali moja tu: huyo unayemtukana utamchimbia kaburi? Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na ni jina zuri kwa klabu zilizoanza miaka ya 1936 na 1935, lakini sijaona shabiki wa Yanga akifagia uwanja wa msiba wa Simba kwa sababu ya rangi ya jezi. Aliyechukua haki akaacha wajibu ni mtukanaji wa kawaida, na watukanaji wa kawaida hawajawahi kuwa adimu.

Siku hizi mjini mambo yamekuwa magumu. Kamati za msiba zina bajeti, mapambo na ratiba iliyochapishwa; mtani akilala kaburini anaambiwa mchungaji ana ibada nyingine saa tisa. Nimehudhuria msiba Dar es Salaam ambapo kijana wa ulinzi alimtoa mtani nje akidhani ni mlevi. Kweli alikuwa ameonja kidogo, lakini hilo halikuwa kosa lake.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Aliingia makumbusho ya Majimaji, akakaa na ukoo wa Mbano, akaomba radhi, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la jemadari. Jioni hiyo simu yangu ikalia. Binamu yangu wa Iringa, upande wa bibi.

"Kamwene, mwizi wa ng'ombe. Nasikia mmepata mgeni."

"Tumempata. Ameomba radhi."

"Amekuja na kichwa?"

"Hapana. Wanakitafuta."

"Na mkamwacha aondoke? Hapakuwa na Mhehe hata mmoja wa kulala mbele ya gari?"

Nikamwambia walinzi walikuwa wengi mno.

"Basi akirudi niiteni," akasema. "Nauli juu yenu, na jogoo nitamchagua mwenyewe."