AA Ni Ukubwa wa Punje

Gunia la kahawa lililoandikwa AA linamwambia mnunuzi jambo moja tu: punje zake hazikupenya chekeche namba 18, yenye matundu ya inchi 18/64, yaani kama milimita 7. Ladha haimo. Tangu kiwanda cha TCCCo kianzishwe Moshi mwaka 1920, kahawa ya mlima Kilimanjaro imekuwa ikikobolewa na kuchekechwa pale, ila sifa yake hasa hutafutwa kikombeni. Mwonjaji hukaanga sampuli, akaisaga, akaimiminia maji ya moto. Baada ya dakika chache huvunja utando kwa kijiko, akainusa, kisha akaivuta mdomoni kwa kelele na kuitema. Punje moja iliyochacha kupita kiasi kwenye tangi la kuchachushia la nyumbani huumbuka hapo, hata ikiwa nono namna gani. 

Kasoro ya mfumo wa Moshi, kwa maoni yangu, haikuwa katika kipimo cha kikombe bali katika wakati wake. Chama cha wakulima cha KNPA cha 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kilichochukua nafasi yake mwaka 1933, vilikusanya kahawa ya maganda kutoka vihambani, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, kilo chache kila kaya. Ikishachanganywa, kikombe kiliihukumu shehena isiyo na mwenyewe. Mkulima alilipwa kwa kilo: malipo ya kwanza, ya pili, kisha ya mwisho yaliyoitwa majaliwa, jina lenye ukweli kuliko lilivyokusudiwa. Atakayesema kwamba punje kubwa huwa imeiva vizuri hajakosea sana, lakini ukubwa hauzuii uchachu. Pingamizi zito zaidi ni hili: nani angeonja kila debe la kila kaya? Hakuna, na kuchanganya kuliwapa wadogo nguvu sokoni. Hata hivyo, ghasia za 1937 dhidi ya KNCU, bei zikiwa chini na sheria ikiwalazimisha Wachagga kuuza kupitia chama, zinaonyesha kwamba mkulima hakuiona nguvu hiyo mkononi mwake. Vikundi vya mitambo ya kati ya kumenya vimebadili kitu: shehena ikikobolewa peke yake, kasoro ya kikombe hufuatwa hadi kwenye tangi lake. Anayemenya kwa mashine ya mkono uani, stakabadhi yake bado inaandika kilo.