Lenzi ya Kila Siku

Kila kipimo kina asili yake. Katika mwaka 1925 kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack, ilianza kuuzwa Ujerumani. Picha yake ilikuwa na milimita 24 kwa 36, na kutoka pembe hadi pembe milimita 43 hivi. Lakini lenzi yake, kazi ya Max Berek, ilikuwa ya milimita 50. Desturi ikashika, na hiyo ikaitwa lenzi ya kawaida.

Je, ni kawaida ya nani? Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kinondoni na Temeke ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma. Mpiga picha asimamaye chumbani, mgongo ukutani, aghalabu ana mita 3 tu mbele yake. Kwa umbali huo lenzi ya milimita 50 huchukua upana wa mita 2 na kidogo. Ya milimita 35 huchukua mita 3. Ya kwanza humpata mtu. Ya pili humpata pamoja na kitanda, sanduku na mlango wake.

Tofauti hiyo si ndogo kwa historia. Picha za studio, zenye pazia nyuma, zilihifadhi nyuso, zikaficha makao. Kwa hiyo atakaye lenzi moja ya kila siku katika mitaa hii yafaa achague ya milimita 35. Hasara yake ipo: mtu akisogelewa mno, pua hukuzwa. Lakini mtu huweza kupigwa tena kwa mbali kidogo. Chumba kilichobomolewa hakipigwi tena.