Kamba ya Ng'ombe wa Mwaka 1935

Ng'ombe wa kwanza kununuliwa kwa fedha katika nyumba yetu alinunuliwa wakati fedha yenyewe ilikuwa haionekani. Babu hakuwa mtu wa tarehe, lakini mwaka huo alikuwa na uhakika nao: 1935, mwaka aliorudi kutoka Lupa na shati jipya, sufuria moja na shilingi alizozifunga kwenye kitambaa kiunoni. Aliyemuuzia alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Nitamwita jirani, basi, maana wajukuu zake wapo, tunasali pamoja nao na kuzikana, na kisa hiki kwao kina jina jingine kabisa. Sisi tunasema babu alinunua. Wao wanasema babu alikabidhiwa.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini hakununua farasi. Nilikuwa nimeona farasi kwenye picha za Biblia ya watoto, wamepambwa, wanavuta magari ya wafalme, na niliona ng'ombe ni mnyama wa kawaida mno kwa mtu aliyetoka kwenye dhahabu. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Farasi ukimpeleka kwa wakwe," akasema, "watakuuliza huyu punda mrefu hivi anakamuliwa wapi."

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba jibu lilikuwa na historia ndani yake. Farasi hakuwahi kuwa na nafasi katika nchi hizi. Mbung'o walimmaliza porini, na palipokosa mbung'o ulikuwepo ugonjwa wake mwenyewe unaoletwa na vijidudu vya usiku. Ndiyo maana Wajerumani waliojenga boma la Neu-Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu yetu, pamoja na nguvu zao zote walitegemea miguu ya wapagazi. Lakini milima ya Rungwe, kwa baridi na mvua zake, haikuwa na mbung'o. Ng'ombe waliishi. Waliishi vizuri hata wakalazwa ndani ya nyumba moja na wenyewe, wao upande huu, watu na moto upande ule, na asubuhi kazi ya kwanza ya mtoto ilikuwa kuzoa samadi kuipeleka migombani.

Ili uelewe uzito wa ng'ombe mmoja mwaka 1935 inabidi ujue nani alikuwa nao. Kwa desturi ya Wanyakyusa wakati ule, vijana wa kiume walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka nyumbani kwenda kulala katika kijiji chao wenyewe, wao na rika lao. Walirudi kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walilima mashamba ya baba zao. Wadogo walichunga ng'ombe wa baba zao. Na ng'ombe hao ndio waliooa. Bila ng'ombe hakuna mke, na ng'ombe ni wa baba. Kwa hiyo kijana alisubiri. Baba mwenyewe angeweza kuwatumia ng'ombe haohao kuongeza mke wa pili au wa tatu, huku mwanawe ana ndevu na bado analala kwenye kibanda cha wavulana. Babu alilisema hili bila uchungu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Bibi ndiye aliyekuwa akikunja uso.

Na ng'ombe wenyewe hawakuwa wa kumwagika. Sotoka ilikuwa imepita Afrika Mashariki miaka ya 1890 ikaacha mazizi matupu. Mifugo ilipoanza kujaza tena, ikaja vita: Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na kuitwaa Tukuyu, na majeshi, ya upande wowote, hula. Hivyo watu wa umri wa baba yake babu walikuwa wamekwisha kuona mara mbili kwamba utajiri wa miguu minne unaweza kulala ukiwa mzima ukaamka haupo. Mtu wa namna hiyo hauzi ng'ombe jike. Akiuza, ujue kuna jambo.

Jambo lilikuwa kodi.

Mwishoni mwa mwaka 1929 masoko ya hisa ya New York yalianguka, na ingawa hakuna mtu ng'ambo ya mto aliyejua hisa ni kitu gani, mtikisiko ulifika. Bei ya katani, iliyokuwa tegemeo la Tanganyika, ilishuka kwa zaidi ya nusu. Kahawa ilishuka. Mifugo ikakosa wanunuzi. Walioajiriwa mashambani huko pwani wakarudishwa makwao. Kitu kimoja tu hakikushuka kwa kasi hiyo, nacho ni deni la serikali kwa kichwa cha kila mwanamume. Kodi ya kibanda na kichwa ilidaiwa kwa shilingi, na mwenye wake zaidi ya mmoja alilipia zaidi. Asiyeweza kulipa aliweza kupelekwa kufanya kazi za serikali, barabarani au penginepo, mpaka deni liishe. Jirani alikuwa na wake wawili.

Sasa hapa ndipo historia inapogeuka kwa namna ambayo bado inanishangaza. Mdororo uleule uliobomoa bei ya kila kitu ulipandisha bei ya kitu kimoja. Wakia ya dhahabu safi kule London ilikuwa shilingi 85, ukiacha senti chache. Septemba 1931 Uingereza iliiondoa paundi yake kwenye kiwango cha dhahabu, na bei ikaanza kupanda. Januari 1934 Marekani nayo ikapandisha bei rasmi kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Kufikia katikati ya muongo ule, wakia iliyokuwa shilingi 85 ilikaribia shilingi 140. Na dhahabu ilikuwepo, karibu kiasi cha kwenda kwa miguu: Lupa, huko Chunya, ilikogunduliwa miaka ya 1920 na ambako machimbo yake ndiyo yaliyosababisha mji wa Mbeya kuanzishwa mwaka 1927. Mchanga ambao jana haukulipa gharama ya kuuchekecha, leo unalipa. Wazungu waliofilisika mashambani, wengine mikono mitupu kabisa, wakakimbilia huko na sururu. Walihitaji watu wa kuchimba.

Babu aliondoka na wenzake wa kijiji cha rika lake. Hawakumuaga mtu mzima yeyote. Walipita Kiwira, wakapanda Isongole kwenye baridi, wakateremka Uyole, wakalala Mbeya, kisha wakavuka mlima wa Loleza na kuingia nchi ambayo babu aliieleza kwa neno moja: kavu. Kwa mtu aliyezaliwa Rungwe, ambako mvua inanyesha hata pale isipotakiwa, kukosa maji ilikuwa ni kama kukosa adabu. Machimbo mengi ya Lupa hayakuwa na maji ya kusafishia udongo, hivyo uliupeperusha mkavu, vumbi likakuingia puani, na jioni ukitema unatema rangi ya njia. Ulifanya kazi kwa kipande, siku 30 za kazi zikipigwa alama moja moja, na siku 30 hizo si mwezi, maana ukiumwa au mwajiri akikosa chakula cha kukupa siku haihesabiwi. Kipande chake cha kwanza kilijaa, lakini hakikulipwa. Aliyemwajiri aliondoka usiku. Babu hakumtaja jina, ila alikumbuka kwamba mtu huyo naye alivaa viatu vilivyotoboka.

Alibaki. Akapata kazi kwa mwingine. Wenyeji wa Rungwe wengine walifanya akili zaidi: walipeleka mchele na vyakula vya kwao kuwauzia wachimbaji, wakarudi na fedha bila kushika sururu. Babu aliwasema vibaya watu hao mpaka uzeeni. Nadhani aliwaonea wivu.

Aliporudi mwaka 1935 alikuwa na kitu ambacho hakuna kijana wa ukoo wetu aliyewahi kuwa nacho: uwezo wa kupata ng'ombe bila kumwomba baba. Na jirani alikuwa na mtamba mweusi mwenye baka kifuani, na deni la kodi.

Walikubaliana bei. Babu hakuwahi kutuambia ni kiasi gani, na kwa mtu aliyekumbuka rangi ya mate yake, usahaulifu huo ulikuwa na macho. Kilichojulikana ni kwamba kilikuwa kidogo. Kiasi cha kodi, pengine na kidogo juu yake. Alimchukua mtamba jioni, akavuka naye mto, na mtamba alikuwa amefungwa kamba yake.

Hiyo kamba ndiyo kesi yote. Nyumbani kwetu wazee wanasema mnyama akiuzwa, mwenye kuuza hubaki na kamba yake; mnunuzi aje na yake. Akikabidhiwa mtu kwa kufuga tu, anywe maziwa na kutunza mpaka mwenyewe amhitaji, huenda na kamba yake, kwa kuwa bado ni wa kule alikotoka. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba ng'ombe yule alivuka mto na kamba. Sisi tunasema babu alikuwa kijana, hakujua, hakuwa na mzee wa kumfundisha kwa sababu alikwenda peke yake. Wao wanasema jirani alikopeshwa fedha ya kodi, na mtamba alikuwa dhamana.

Mtamba yule alizaa. Uzao wake ndio uliomwoa bibi, pamoja na ng'ombe wawili ambao baba yake babu aliwatoa hatimaye, kwa aibu nadhani, baada ya kuona mwanawe anaweza kumpita. Babu alioa akiwa kijana kuliko baba yake alivyooa, na hakuwa peke yake. Katika miaka hiyohiyo walikuwepo Rungwe wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakiishi na watu na kuandika, wakisaidiwa na makarani wa Kinyakyusa kama Leonard Mwaisumo. Monica alichapisha kitabu chake *Good Company* mwaka 1951, miaka saba baada ya mumewe kufariki. Nilikisoma nikiwa mtu mzima, nikitafuta ukurasa wenye babu yangu, kama mpumbavu. Hayumo. Lakini wamo vijana wanaorudi na mishahara na wazee wanaowatazama kwa jicho la pembeni, na ugomvi usiokwisha juu ya ng'ombe wa nani alioa nani.

Jirani alipofariki, wakati wa vita ya Hitler, mwanawe alipeleka madai kwenye baraza la wenyeji. Hakuna karatasi iliyobaki kwetu. Simulizi inasema wazee waliuliza habari ya kamba, babu akajibu kweli, na wakaamua atoe mtamba mmoja. Alitoa. Aliukata ugomvi siku hiyo, lakini hakusema, siku ile wala baadaye, kama alitoa kwa kuwa alikuwa na deni au kwa kuwa alitaka kulala.

Mimi niliyasikia haya miaka ya 1980, wakati wa hali ngumu nyingine. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na hazina nayo imekwisha. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa kujuana. Babu alifariki mwaka 1989. Mara ya mwisho aliponisimulia aliongeza kipande ambacho hakuwahi kukisema. Alisema jirani hakulalamikia bei. "Nilitaja kidogo ili aniongezee," akasema, "akakubali hapohapo. Nikaona haya, lakini nilikwisha kutaja."

Mwaka 2020 nilikuwa dereva wa watalii Arusha, na watalii wakakatika. Nilirudi Tukuyu na akiba yangu, kiasi cha kununua mtamba wa maziwa na kupanda mabingobingo ya kumlisha. Niliambiwa kuna mama mjane, upande wa Kyimbila, anauza. Hakuwa wa ukoo wa jirani. Kama angekuwa wa kwao ningedhani nimeota. Mtamba alikuwa chotara mzuri, mwenye mimba ya miezi mitano. Mama alihitaji ada ya chuo ya mwanawe, na tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Nilitaja bei. Ilikuwa bei ya chini, ya kuanzia mazungumzo, kama tunavyofanya sokoni.

"Haya, baba," akasema. "Ndaga."

Nilisimama pale na fedha mkononi. Mtamba alikuwa anatafuna, hana habari. Nikamwambia, mama, nilikosea, nilikuwa sijamwangalia vizuri tumbo, nikataja nyingine. Alinitazama kwa muda, si kwa shukrani, zaidi kwa mashaka, kama mtu anayejiuliza kijana huyu anajua nini kuhusu ng'ombe huyu ambacho yeye hajui. Tukamwita balozi, tukaandika karatasi. Nilikuwa nimekuja na kamba yangu, mpya, ya manila, ya bluu. Mama alifungua ile ya kwake kutoka shingoni kwa mnyama, iliyokuwa imechakaa na kuwa laini kama kitambaa, akaikunja mara nne na kuingia nayo ndani.

Njia nzima mtamba alikuwa akisimama kila penye njia panda na kugeuza kichwa. Usiku niliitoa karatasi nikaisoma tena kwa tochi ya simu. Imeandikwa "ameuza", tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi yangu, sahihi ya balozi, na dole gumba la mama.