Mgeni Asiyefikia Jembe

Meli yetu ilifunga gati Valletta, Malta, saa moja na nusu asubuhi. Tangazo lilikuwa fupi: abiria wote wawe wamerejea saa kumi na nusu jioni. Wenzangu wengi waliingia kwenye mabasi ya ziara yaliyowangoja mbele ya maghala ya Pinto, yale yaliyojengwa karne ya 18 kwa ajili ya shehena na leo ni safu ya mikahawa. Mimi sikuwa na ratiba. Nilitembea taratibu hadi lifti ya Barrakka, ikanipandisha mita 58 mpaka karibu na bustani iliyo juu ya ngome, nikakaa kwenye benchi na pastizzi mbili za jibini zikiwa bado za moto. Chini yangu Bandari Kuu ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Nilikuwa na mchana mzima wa kufikiria jambo moja: mtu anayeshushwa na meli kwa siku moja ni mgeni wa nani?

Jambo hilo nilitoka nalo nyumbani. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, na tangu utotoni nimelitazama kutoka upande wa pili. Tulikuwa tukikaa barazani tunawaona wageni wa meli wakipita na kofia zao pana, wanapiga picha mlango uliochongwa, wanasalimia kwa tabasamu, na kabla ya adhana ya magharibi hawapo.

Miji hii miwili ina undugu ambao mawe yake yanaushuhudia. Valletta, ulioanza kujengwa 1566, ulichorwa na Francesco Laparelli, Mwitaliano wa Cortona. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno huko India. Hofu iliyozisimamisha kuta hizo nayo ilikuwa moja, hofu ya Waturuki: Malta ilizingirwa nao karibu miezi minne mwaka 1565, na katika miaka ya 1580 nahodha wao Mir Ali Bey alifika pwani yetu mara mbili. Tofauti iko katika nani alimtangulia nani. Valletta ngome ndiyo iliyozaa mji. Mombasa mji ulikuwapo karne nyingi, ngome ikaja kuukalia ubavuni.

Hata masikio yangu hayakuwa ugenini kabisa. Muuzaji wa pastizzi alikuwa akihesabu kwa sauti: sitta, sebgħa. Kwenye nane tukaachana, yeye akasema tmienja na mimi nikabaki na nane yangu ya Kibantu, kisha tukakutana tena kwenye disgħa. Ishirini kwao ni għoxrin, Ijumaa ni Ġimgħa, bahari ni baħar. Lakini kufanana huku kusitudanganye. Kimalta ni mtoto wa Kiarabu aliyevaa nguo za Kisisilia na Kiitaliano. Kiswahili ni mtoto wa Kibantu aliyevaa nguo za Kiarabu. Na Mkatoliki wa Malta anapopiga magoti kanisani, Mungu anayemwomba humwita Alla.

Sasa nirudi kwa mgeni. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, aliandika desturi ambayo sijui kama ina mfano wake mzuri zaidi. Meli ikionekana, mashua ndogo hutoka kuilaki, na ndani yake vijana wamebeba sahani za chakula zilizofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala kwa mwenyeji wake, na mwenyeji humuuzia na kumnunulia. Aliyempunja mgeni bei, au aliyemuuzia kitu mgeni huyo wakati mwenyeji wake hayupo, biashara yake ilihesabiwa batili. Kwa hiyo mtu alikuwa na mwenyeji kabla mguu wake haujagusa mchanga. Nyumba za mawe za Lamu nazo zilijengwa kwa kumhesabu mtu huyu: daka mlangoni kwa mazungumzo, na sabule, chumba cha mgeni, mbali na watu wa ndani.

Aliyelazimisha ukarimu huo alikuwa upepo. Aliyeletwa na kaskazi hakuwa na namna ya kurudi mpaka kusi ivume. Miezi ikapita, watu wakajuana, wakakopeshana, wakaoana. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1939, aliyakuta maisha hayo bado yapo: jahazi lilitia nanga Unguja, likaenda delta ya Rufiji kupakia boriti, na baharia alikuwa na mzigo wake mdogo wa kuuza mwenyewe. Siku zao za nchi kavu zilijaa kazi, madeni, sala na harusi za watu. Sidhani kama wangeziita mapumziko.

Mediterania nayo ilikuwa na msimu wake, hilo tunalisahau kwa kuwa meli za leo haziuogopi. Zamani bahari hii ilifungwa wakati wa baridi. Mtume Paulo alipovunjikiwa na meli kwenye kisiwa hiki hiki cha Malta, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, mkuu wa kisiwa, Publio, aliwakirimu siku tatu. Kisha wakakaa miezi mitatu, wakaondoka na meli ya Aleksandria ambayo nayo ilikuwa imengoja pale hadi baridi ipite. Nilipoikumbuka hesabu hiyo ya siku tatu niliacha kula. Hadithi ya Mtume Muhammad nayo inaweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na kinachozidi ni sadaka. Na sisi tunasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wasiolijua jembe hilo hudhani ni namna ya kumfukuza mtu. Mimi nililelewa nikifundishwa kinyume chake. Anayepewa jembe amekubaliwa. Ana tuta lake shambani, na kesho akikosekana ataulizwa. Tofauti kubwa ya msafiri wa leo naiona hapo. Wa kaskazi alilifikia jembe hata kama hakulitaka. Mimi, na saa zangu tisa, nitaondoka kabla ya siku ya kwanza kuisha. Anayenilisha ni meli, anayenilaza ni meli, na nikipotea ni meli itakayonitafuta. Mji umenionyesha uso, haukunifungulia sabule, wala sikuwa na haki ya kuutarajia.

Hata hivyo siwezi kuudharau mchana kama huu. Nasi tunao ugeni mfupi wenye heshima yake: mtu hupita mlangoni, akapiga hodi, akasalimia, akanywa kahawa kikombe kimoja na kuaga bila kumchosha mwenye nyumba. Tena zamani si wote walioshuka bandarini walioletewa sahani iliyofunikwa. Katika Valletta ya mashujaa wa Mtakatifu Yohane, watawala wake wa zama hizo, kulikuwa na gereza la watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini. Unguja soko la watumwa lilifungwa 1873 tu. Na mgeni aliyeshukiwa ugonjwa alikutana kwanza na karantini. Asubuhi ile, nilipotembea hadi upande wa pili wa mji kabla ya kurudi bustanini, nilikiona Kisiwa cha Manoel, ambako jengo la karantini lilijengwa mwaka 1643, na nikakikumbuka Changuu mbele ya Unguja, ambako gereza lililojengwa miaka ya 1890 liliishia kuwekewa wasafiri walioshukiwa homa ya manjano. Visiwa viwili, kila kimoja karibu na bandari yake, na kazi ya vyote viwili ilikuwa kumwambia mgeni asubiri.

Saa sita kamili mzinga ulilia chini ya bustani. Enzi ya Waingereza ulipigwa ili manahodha waliokuwa bandarini warekebishe saa zao. Leo watu hukusanyika kuushuhudia. Baadaye mchana niliteremka. Karibu na gati, kwenye ukuta mfupi wenye kivuli, walikaa mabaharia wawili wa meli yetu, Wafilipino, kila mmoja na simu yake, sura za watoto zikicheka kwenye kioo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unawapa haki ya kushuka, na haki hiyo siku ile ilikuwa nafasi kati ya zamu ya chakula cha mchana na ya jioni. Hawakuutazama mji hata kidogo. Wao walikuwa wageni wa watu walioko mbali sana, na kwa saa mbili walikuwa nyumbani kwao. Niliwapita kimya, kama mtu anavyopita mbele ya mlango ulio wazi.

Alasiri nilichukua dghajsa, mashua ndogo yenye ncha ndefu mbele na nyuma, nikavuka hadi Birgu, nikazunguka vichochoro vyake, nikarudi na mwenye mashua yule yule. Aliniuliza ninakaa siku ngapi. Nilipomwambia naondoka jioni hii hii aliinua mkono kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Mzinga wa saa kumi ulitukuta katikati ya maji, na njiwa wote wa ngome wakaruka. Tulipogusa ngazi za mawe alinishika kiwiko nisiteleze, akaniaga kwa neno moja, saħħa. Kwetu neno hilo ni siha. Nilimjibu hivyo hivyo, kwa lafudhi ya Mombasa, na akageuka kuniangalia.